Niambieni Mwanangu Yuko Wapi

Kwenye kikao cha wazazi shuleni, binti yangu aliweka mezani bomba refu la plastiki angavu, akatutazama mimi na baba yake, kisha akaanza kutufundisha habari za Mto Mississippi.

Ndani ya bomba, chini kabisa, kuna alama nyeusi na nyeupe. Unajaza maji ya mto, unachungulia kutoka juu, unayapunguza kidogo kidogo mpaka alama ionekane. Maji yaliyobaki, ukiyapima kwa sentimita, yanakuambia mto una tope kiasi gani. Yeye na wenzake waliteka maji sehemu mbili: kabla ya Mto Minnesota kuingia Mississippi, na baada ya makutano. Baada ya makutano, alama ilichelewa kuonekana. Akatueleza sababu: Mto Minnesota unapita kwenye mashamba makubwa ya mahindi na soya, unamega kingo zake, na tope hilo linateremka hadi Ziwa Pepin, ambalo linajaa mwaka hadi mwaka. Alimaliza kwa Kiingereza, halafu akarudia yote kwa Kiswahili, kwa sababu mwalimu aliagiza kila mtoto aieleze kazi yake kwa lugha ya nyumbani kwao.

Ana miaka 12. Mimi kwa umri huo sikuwahi kusimama mbele ya mtu mzima nikamfundisha jambo asilolijua.

Alipomaliza nikamgeukia mwalimu. "Na hesabu, Mwalimu?"

"Yuko njiani," akajibu akitabasamu. "Anakua vizuri sana. Msiwe na wasiwasi."

Tulitoka pale tukiwa na furaha. Wakati wa likizo ndefu barua ya mtihani wa jimbo ikafika. Kusoma: amefikia kiwango. Hesabu: hajafikia kiwango, ngazi ya chini kabisa kati ya nne.

Wiki zimepita, na lile jibu la "yuko njiani" bado limenikwama kooni.

Shule inayomjua mtoto

Nianze na ninachokipenda, maana nakipenda kweli.

Ni shule ndogo ya chata hapa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, darasa la sita hadi la nane. Ni shule ya umma: haina ada, haina mtihani wa kuingilia, na waombaji wakizidi nafasi, majina yanapigiwa bahati nasibu. Fedha za serikali zinafuata idadi ya watoto. Lakini haiko chini ya ofisi ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake, ambayo kwa sheria ya Minnesota lazima iwe na mwalimu, mzazi na mtu wa jamii, na inaendeshwa kwa mkataba ambao mwisho wake unaweza kuwa kuongezwa au kufungwa mlango. Jengo ni la kupanga. Watoto wanacheza mpira kwenye bustani ya mji.

Walimu wanaitwa kwa majina yao ya kwanza. Ulimi wangu umekataa; mimi nasema Mwalimu.

Kila asubuhi mtoto anakaa na kundi lake dogo na mwalimu mlezi, na mlezi huyo anabaki naye miaka yote mitatu. Mlezi wa binti yangu ndiye aliyegundua kwamba mtoto haoni vizuri ubaoni, kabla hata sisi wazazi hatujagundua. Bibi yake alipofariki Korogwe, mtoto hakumwambia mtu yeyote shuleni. Ni mlezi yule aliyeona kwamba siku hizo anakula peke yake, akanipigia simu kuuliza kuna nini nyumbani.

Darasa nililosomea mimi lilikuwa na watoto karibu mia na mwalimu mmoja. Alikuwa mwalimu mzuri sana. Jina langu alilijua kwa sababu nilikuwa wa mbele, na walioketi nyuma aliwaita "wewe".

Kwa hiyo mtu asinisome vibaya. Shule hii imemjua mwanangu kwa namna ambayo mimi sikuwahi kujulikana na shule yoyote.

Ndoto ya siku nyingi

Fundisho kwamba mtoto hujifunza kwa kufanya lina umri mkubwa. John Dewey alifungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Watoto walipika, walifuma, walifanya useremala, na kutoka kwenye kazi hizo wakaingia kwenye sayansi na historia. Mwaka 1974 Deborah Meier alianzisha Central Park East huko East Harlem, New York, shule ndogo ya umma katika mtaa wa watu Weusi na Walatino wasio na kipato. Katika shule ya sekondari iliyofuata, wanafunzi walizoezwa kuliendea kila jambo kwa maswali: Tunajuaje? Anayesema ni nani? Hili linahusiana na lipi? Ingekuwaje kama mambo yangekuwa tofauti? Na linatuhusu nini?

Minnesota iliongeza mlango wa kisheria. Mwaka 1988 Albert Shanker, kiongozi wa chama kikubwa cha walimu, alitaka walimu wapewe ruhusa ya kuanzisha shule ndogo za kujaribia njia mpya. Mwaka 1991 jimbo letu likawa la kwanza Marekani kupitisha sheria ya shule za chata, na mwaka 1992 City Academy, ya kwanza kabisa, ikafungua milango hapa hapa St. Paul. Shanker mwenyewe baadaye alilipa kisogo wazo hilo, akiona limegeuzwa silaha ya wanaotaka kuzibomoa shule za umma. Ubishi huo bado ni mbichi. Mwaka 2015 wazazi walifungua kesi dhidi ya jimbo, Cruz-Guzman, wakisema shule za miji yetu pacha ya Minneapolis na St. Paul, zikiwemo za chata, zimewatenga watoto kwa rangi na kipato.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha vyura. Mwaka 1995 wanafunzi wa Minnesota New Country School, shule ya chata iliyofunguliwa mwaka uliotangulia, walikuwa kwenye matembezi ya masomo karibu na mji mdogo wa Henderson. Kwenye bwawa la shambani wakakuta vyura wenye miguu iliyopinda, wengine wamepungukiwa mguu. Wakawahesabu, wakaandika, wakatoa taarifa. Jimbo likaanza uchunguzi, na wanasayansi wa nchi nzima wakaingia kazini kwa sababu ya watoto waliokwenda bwawani na madaftari.

Na sisi wa Tanzania si wageni wa mawazo haya. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba mtihani hupima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa, kwamba si mara zote unafanikiwa kupima uwezo wa kufikiri, na kwamba haupimi kabisa tabia wala moyo wa kutumikia. Niliyaamini hayo nikiwa msichana. Nayaamini leo.

Ndiyo maana barua ile ilinichanganya. Kama mtihani haupimi kufikiri, kwa nini nikose usingizi?

Mstari mmoja wa ripoti

Ripoti zetu za shule ya msingi zilikuwa na mstari mmoja ambao wazazi waliusoma kabla ya mingine yote: amekuwa wa ngapi, kati ya wangapi.

Mstari ule uliumiza watu. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa akiandika insha ambazo mwalimu alizisoma kwa sauti darasa zima lisikie. Matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa, jina lake halikuwemo kwenye orodha ya waliochaguliwa. Hakuna mwalimu aliyemwita akamweleza wapi alianguka au afanye nini. Sijamaliza kidato cha pili, akawa ameolewa. Nikisikia mtu anatamani turudi kule, namkumbuka yeye.

Lakini kuna upande mwingine ambao sikuwa nimeufikiria mpaka barua hii ilipofika.

Mama yangu aliishia darasa la nne. Ripoti yangu aliisoma akaielewa. Aliona hesabu zimeshuka, akaniuliza, akasikia habari ya sehemu na asilimia, na muhula uliofuata akaongeza unga wa maandazi ya asubuhi ili nilipiwe tuisheni. Hakuhitaji kujua lugha ya walimu. Habari ilimfikia ikiwa kavu na kali, akaifanyia kazi.

Ripoti ya binti yangu ina kurasa kadhaa za maneno mazuri, yaliyoandikwa kwa upendo na mtu anayemjua. Mimi nimesoma mpaka chuo, na sikuweza kutambua humo kwamba mwanangu hajui kugawanya sehemu.

Maneno ya mama wa Uvira

Mwaka jana, kwenye maegesho ya shule, nilikutana na mama mmoja kutoka Uvira, Kongo. Alikuwa amekuja kuchukua karatasi za mwanawe ili amhamishe.

"Dada, banasema mutoto iko muzuri," aliniambia. "Kila mara muzuri, muzuri. Lakini kugawanya hajuwe."

Siku ile nilimsikiliza kwa heshima nikaendelea na safari yangu. Niliona kwamba hajaielewa shule, kwamba anatafuta fimbo na namba za kwetu. Barua ilipokuja, sauti yake ilirudi.

Mwalimu mstaafu anayekaa jirani yetu, mwanamke Mweusi aliyefundisha miaka mingi, aliposikia habari zangu alinipa makala ya Lisa Delpit ya mwaka 1988. Delpit naye ni mwalimu Mweusi wa Marekani, aliyepitia mafunzo ya njia hizi za kisasa na kuzitumia. Alichokiona ni hiki: kila jamii ina kanuni za wenye nguvu, namna ya kusema, kuandika, kuvaa na kuhusiana na watu. Watoto wa wenye nguvu huzipata nyumbani bila mtu kuzitaja. Walio nje wanahitaji kuambiwa wazi. Na wale ambao kanuni ni zao ndio wepesi wa kusahau kwamba zipo, kwa hiyo mwalimu mwema, akiogopa kumlazimisha mtoto, huzificha bila kukusudia.

Delpit hakusema turudi kwenye kukaririshana. Alitaka mtoto apate vyote viwili: nafasi ya kufikiri na ufunguo mkononi.

Nilisoma kurasa zile usiku, nikajikuta namfikiria yule mama. Yeye alikuwa ameliona jambo kwa sentensi mbili kwenye maegesho.

Sisemi walimu walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Walimaanisha kila neno. Tatizo ni kwamba maneno yale yana masikio yake. Mzazi aliyezaliwa hapa akiambiwa mtoto "yuko njiani" kwa sauti fulani, anajua hiyo ni kengele. Kesho yake anaandika barua pepe, keshokutwa ametafuta mtu wa kumsaidia mtoto. Mimi nikiambiwa na mwalimu nisiwe na wasiwasi, nitamtii, kwa sababu nimelelewa kumheshimu mwalimu. Shuleni kwetu kuna Wakareni wa Myanmar, Wasomali, Wakongo, Waeritrea. Sote tulitoka kwenye vikao vile tukiwa na furaha ile ile.

Nani alipiga hesabu?

Shule ilipofungua niliomba kuonana na mwalimu wa hesabu. Sikwenda kugombana. Nilimwomba kitu kimoja: tuweke mezani kazi za binti yangu mwenyewe, tuziangalie pamoja naye akiwepo.

Mwalimu akatoa faili la mradi wa mto. Mlikuwa na ukurasa wa mwendo wa maji kwenye kijito cha Minnehaha: walidondosha chungwa, wakapima sekunde linazotumia kupita umbali waliouwekea alama, wakarudia, wakatafuta wastani, wakagawanya umbali kwa wastani huo kupata mwendo, kisha wakazidisha kwa upana na kina kupata kiasi cha maji. Hesabu safi. Grafu nzuri sana, yenye rangi.

"Grafu ni yako?" nikamuuliza binti.

"Ndiyo, Mama. Mimi nachora na kueleza."

"Na wastani?"

Akamtaja mwenzake. Yule mwenzake ndiye hupiga hesabu. Kila mara? Karibu kila mara, kwa sababu ana haraka na hakosei.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo hakulijua. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho barua ya jimbo isingeweza kunieleza, wala ripoti ya maneno mazuri. Kazi ya kikundi hugawanyika kwa vipaji. Anayeandika vizuri anaandika, anayechora anachora, mwenye haraka ya namba anahesabu. Kazi inatoka nzuri kuliko ambayo mmoja wao angeitoa peke yake, na kila mtoto anaimarika pale pale alipokuwa imara. Udhaifu unapata mahali pazuri pa kukaa bila kuonekana. Na kadiri mradi unavyong'aa ndivyo mtu mzima anavyozidi kutouliza.

Binti yangu anafikiri vizuri juu ya mto. Ukimuuliza maji yatakuwaje mvua ikinyesha mashambani, atakujibu mpaka ushangae. Lakini ukimpa tatu juu ya nne gawanya kwa moja juu ya nane, anatafuta mlango. Na Minnesota inamtaka mtoto amalize aljebra ya kwanza kufikia mwisho wa darasa la nane. Milinganyo haimsubiri mtu asiyejua sehemu. Akifika sekondari kubwa ya wilaya, yenye watoto zaidi ya elfu moja, hakuna atakayekumbuka jinsi alivyoeleza habari za Ziwa Pepin.

Udogo wa shule ulijibu haraka. Wiki ile ile ratiba yake ilibadilishwa. Anakaa na mwalimu na watoto wengine wachache kwa ajili ya sehemu na uwiano tu, na kwenye miradi kila mtoto sasa anapiga hesabu zake mwenyewe kabla kikundi hakijakutana. Kwenye shule kubwa ningeandika barua ngapi kupata hayo?

Lakini nilifika pale kwa sababu najua Kiingereza na nina kazi ya mchana. Je, wale wengine?

Karatasi moja

Nikaenda kwenye kikao cha bodi. Vikao hivyo kwa sheria viko wazi kwa umma, na nawashauri wazazi wenzangu wavitumie. Niliomba karatasi moja, mara kadhaa kwa mwaka, kwa lugha ya kila nyumba. Mada za hesabu na za kuandika zitajwe moja moja, na mbele ya kila mada iandikwe: anaweza peke yake, anaweza akisaidiwa, au bado. Pasiwe na nafasi ya ngapi wala kumlinganisha mtoto na mwenziwe.

Baba mmoja alipinga. Ni mtu mwema, aliyejitolea kwa shule kuliko wengi wetu, na mwanawe alikuja hapa baada ya kuvunjwa moyo na alama mahali pengine. Alisema tukianza na karatasi tutaishia kwenye madaraja, na madaraja yataiua shule. Yeye na wengine kadhaa huwatoa watoto wao kwenye mtihani wa jimbo, jambo ambalo sheria inaruhusu.

Hofu yake naielewa. Niliwahi kuketi dawati moja na mtu aliyeumizwa na jambo hilo. Nilimjibu hivi: wewe jioni unakaa na mwanao mezani, na akikwama kwenye sehemu unamwona. Yuko mama hapa anayelala mchana kwa sababu usiku yuko zamu kwenye nyumba ya wazee. Hicho unachokijua wewe kwa kumtazama mwanao, yeye ataambiwa na nani?

Mwalimu mmoja kijana aliuliza kama karatasi hiyo haitaongeza kazi kwa watu ambao tayari wanaondoka shuleni giza likiwa limeingia. Hilo ni kweli, na sikuwa na jibu zuri. Walimu wa shule hizi ndogo wanafanya kila kitu, mpaka kusimamia chakula. Nilisema wazazi tunaozijua lugha tutafsiri sisi wenyewe, na baadhi yetu tumeanza.

Na kuna suala la mkataba. Unakaribia kupitiwa upya, na anayeupitia ataangalia alama za mtihani pamoja na mambo mengine. Wapo waliosema wasiwasi wangu umeletwa na hilo. Hapana. Nisingependa shule ifungwe kwa sababu ya namba zisizojua kilichofanyika kwenye kijito kile. Wala nisingependa iokolewe kwa mapenzi yetu huku watoto wa wageni wakitoka hapa wanajiamini bila kujua walichokosa. Shule inayojivunia kumjua kila mtoto inanidai imani yangu, nami naidai inieleze inachokijua, hata kama ni kichungu, kwa maneno ambayo marehemu mama yangu angeyaelewa.

Bodi imekubali kuijaribu karatasi kwa muhula mmoja, kwa hesabu kwanza. Ya binti yangu iko kwenye friji. Kuzidisha sehemu: anaweza peke yake. Kugawanya sehemu: akisaidiwa. Uwiano: akisaidiwa. Milinganyo: bado. Aliisoma kabla yangu na hakulia. Aliuliza kama Jumamosi baba yake anaweza kukaa naye kwenye uwiano, kwa sababu mwezi ujao kikundi chao kinarudi mtoni na safari hii yeye ndiye atakayekokotoa mwendo wa maji.

Mdogo wake anaingia darasa la sita mwaka kesho. Sheria inampa kipaumbele kwa kuwa dada yake yupo, kwa hiyo jina lake halitegemei bahati nasibu. Fomu tumeijaza.

Nilimpigia simu pia yule mama wa Uvira. Mwanawe yuko shule kubwa sasa, anapata alama kila wiki, na mama anajua kugawanya kumeanza kueleweka. Anasema pia kwamba hakuna mwalimu pale anayejua kwamba mtoto amepoteza baba. Nilimweleza habari ya karatasi. Hakunipa jibu la ndiyo wala hapana. Alitaka kuiona kwanza, ya Kiswahili, aisome mwenyewe, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nitampelekea.